Nimalizie pointi za Silver kwa kifurushi cha likizo, au pesa ziende kwenye tangi la mama?

BARUA YA MSOMAJI

Dada Mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Reading, Uingereza, pamoja na mume wangu. Kwetu ni Machakos, na mume wangu ni mtu wa Arusha. Kazi yangu imekuwa ya kuzunguka Ulaya kwa ndege za British Airways, na safari hizo zimeniletea pointi za ngazi 4,900, zile zinazompandisha mtu daraja la uanachama, kwenye klabu yao ya wasafiri. Kadi ya Silver, inayokuingiza launji (chumba cha kupumzikia uwanjani) na kukupa viti bila malipo, inataka 7,500, kwa hiyo zimebaki 2,600. Mwaka wa klabu unafungwa tarehe 31 Machi na hesabu inarudi sifuri. Kuanzia Aprili nahamia kitengo cha kukaa ofisini. Nikikosa Silver safari hii, sioni nitaipata tena lini.

Pasaka tunakwenda nyumbani sote wanne, tunaondoka wiki ya mwisho ya Machi na kurudi tarehe 11 Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Mwenzangu kazini alinishauri nisinunue tiketi tupu, bali nichukue kifurushi cha likizo cha shirika lenyewe, kwa sababu kila pauni inayolipwa huzaa pointi moja, hata pauni ya hoteli au ya gari. Nimepiga hesabu hivi: tiketi za wanne pauni 3,200, gari la kukodi Nairobi kwa wiki mbili pauni 700, na hoteli ya Nairobi usiku nne pauni 600. Jumla 4,500. Nikijumlisha na zangu 4,900 nafika 9,400, napita Silver bila shida.

Ugomvi uko kwenye hoteli. Hatutailala, maana tukitua tunakwenda moja kwa moja kwa mama. Nilipomgusia kwenye simu aliniuliza, "Mnalipia hoteli kwani mimi nimehama?" Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Mume wangu naye hataki kusikia habari za pointi. Tulikubaliana akiba ya mwaka huu imnunulie mama tangi la lita 10,000, mifereji ya kukinga maji ya mvua, na msingi wa zege wa kulikalisha. Anasema nimeiacha shida ya maji ya mama yangu mzazi, nafukuzia viti vya uwanja wa ndege.

Kisha rafiki mwingine akanitia wasiwasi kwamba kwa kuwa tunarudi Aprili, huenda pointi zisihesabiwe mwaka huu. Ndipo nikatafuta njia ya pili: Februari niende Madeira, kisiwa cha Ureno, peke yangu, usiku nne, kwa kifurushi hichohicho. Nimechagua viti vya daraja la juu na hoteli ya nyota tano ili bei ifike pauni 2,600 kamili. Hilo sijamwambia mume wangu. Sijalipa, lakini ukurasa wa malipo naufungua kila jioni.

Dada, nimechoka. Miaka yote hii nimeamka usiku wa manane kwenda Heathrow, na naona nina haki ya kupata kitu mwishoni. Je, ni ubinafsi?

Ni mimi, Mama Wawili, Reading.

JIBU LA MSHAURI

Mdogo wangu Mama Wawili, pole kwa uchovu, na asante kwa kuandika hesabu zote wazi. Ombi lako naliona hivi: safari za kazi zimekufikisha zaidi ya nusu ya njia, mlango unafungwa tarehe 31 Machi, na njia mbili ulizoziona za kumalizia zinagusa watu wawili unaowapenda. Moja imemuumiza mama. Ya pili unamficha mume. Unauliza kama kuitaka kadi ni ubinafsi. Mimi sioni ubinafsi katika kutaka matunda ya jasho lako. Ila kabla hatujafika kwenye moyo, tushike kalamu kwanza, kwa sababu nahisi sehemu ya ugomvi wenu imejengwa juu ya hesabu ambayo haijakaa sawa.

Mwenzako wa kazini hakukudanganya, ila huenda anachanganya mfumo wa zamani na huu wa sasa. Kabla ya Aprili 2025, pointi za British Airways zilitokana na umbali na daraja la kiti. Silver ilikuwa pointi 600, na kulikuwa na ofa iliyozidisha pointi mara mbili kwa kifurushi cha usiku tano au zaidi. Watu walikuwa wakiongeza hoteli ya bei nafuu au gari dogo kwenye tiketi na kutoka na pointi maradufu, na kitu kidogo kweli kilifanya kazi kubwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 pointi zinafuata pesa: pauni moja, pointi moja, na ngazi zikawa 3,500 kwa Bronze, 7,500 kwa Silver na 20,000 kwa Gold. Kitu cha bei nafuu sasa kinaleta pointi chache. Mazoea ya kuongezaongeza yamebaki, faida yake imepungua.

Sasa turudi kwenye hesabu yako ya Pasaka. Umechukua pauni 4,500 zote ukaziweka kwenye jina lako, lakini mnasafiri wanne. Swali la kwanza la kuuliza ni hili: pointi za kifurushi zinakwenda zote kwa msafiri kiongozi, au zinagawanywa sawa kwa kila aliyemo? Soma masharti yaliyopo siku unayolipa, usitegemee ya mwaka jana wala maneno ya watu. Kama zinagawanywa, 4,500 ukigawa kwa wanne unapata 1,125, na jumla yako inakuwa 6,025. Hujafika. Ukiitoa hoteli, kifurushi kinakuwa pauni 3,900, fungu lako ni 975, na jumla ni 5,875. Pia hujafika. Na ikiwa pointi zote ni zako, kifurushi bila hoteli kinakufikisha 8,800, umeshapita.

Angalia hapo vizuri, mdogo wangu. Zikigawanywa, hoteli ya pauni 600 inakuletea pointi 150 tu na bado hazitoshi. Zikiwa zako zote, huihitaji. Kwa vyovyote vile hoteli hiyo haifanyi kazi yoyote, na ndiyo iliyomkosesha mama raha. Usitegemee pia kuzikusanya pointi za watoto na za baba yao ziwe zako: akaunti ya familia huchanganya Avios, zile za kununulia tiketi, lakini pointi za ngazi kila mtu hubaki na zake.

Gari ni jambo lingine, maana mtalitumia. Tiketi na gari vikinunuliwa pamoja kwa shirika moja tayari ni kifurushi, hakuna lazima ya hoteli. Ila lina mambo yake. Dereva aliyeandikwa ndiye anayetakiwa kuwa na kadi ya mkopo yenye jina lake pale kaunta, kwa sababu watazuia kiasi cha dhamana. Kama atakayeendesha ni mume wako na kadi ni yako, yanaanza mabishano uwanjani watoto wakiwa wamechoka. Uliza kiasi mnachobeba wenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kama viti vya watoto vimo kwenye bei, kwani mara nyingi hulipiwa palepale. Na kwa kuwa baba watoto ni mtu wa Arusha, nadhani mtatamani kuvuka Namanga. Gari la kukodi la Kenya halivuki mpaka bila barua ya ruhusa ya kampuni yenyewe na bima ya magari yanayovuka mipaka, iitwayo Yellow Card ya COMESA. Kampuni nyingine hukataa kabisa. Liulizwe hilo kabla ya kulipa. Mkifika mpakani mtakuwa mmechelewa.

Rafiki yako wa pili naye alikugusa mahali pa kweli. Kulipa kabla ya tarehe 31 Machi hakutoshi, pointi huja kwa kusafiri. Safari inayoanza Machi na kuisha Aprili imekaa juu ya mstari, na hapo usikubali jibu la "nadhani". Waandikie klabu, waeleze tarehe mbili za ndege na siku za gari, uwaombe wakujibu kwa maandishi pointi zipi zinaangukia mwaka gani. Na usivutwe na wazo la kusogeza safari iingie Machi yote. Kule Uingereza kumtoa mtoto shuleni kwa siku tano bila ruhusa huleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ikilipwa ndani ya siku 21. Ninyi ni wazazi wawili na watoto wawili, hiyo ni pauni 320, na ukichelewa inapanda maradufu.

Madeira nitakaa nayo kidogo, kwa sababu naona ndiko moyo wako uliko.

Ukisafiri peke yako hakuna wa kugawana naye, kwa hiyo pauni 2,600 zinakupa 2,600 na unagota 7,500. Ninachokihofia ni huko kugota. Kuna vitu ambavyo huenda visihesabiwe, na kwa tiketi ya kawaida, kwa mfano, kodi za serikali na ada za viwanja haziingii kwenye pointi. Ukibadilisha chumba bei ikashuka kwa pauni 40, umebaki nje ya mlango ukiwa na 7,460 mkononi. Anayejaribu njia hii huacha nafasi ya pointi 100 au 200 juu ya kiwango, na hupanga kurudi wiki kadhaa kabla ya mwaka kufungwa ili apate muda wa kudai zisizoingia. Namba ya uanachama iwekwe tangu siku ya kulipa, jina lifanane na pasipoti na akaunti. Kama akaunti ina jina la kwenu na pasipoti ina la ndoa, rekebisha kwanza. Tunza pasi za kupandia ndege mpaka pointi zionekane.

Halafu kuna upepo. Uwanja wa Funchal, huko Madeira, unajulikana kwa upepo wa pembeni, na wakati mwingine ndege huzunguka juu kisha kwenda kutua kwingine au kurudi zilikotoka. Kifurushi kina ulinzi mzuri. Kwa Uingereza unapolipia kifurushi chenye ndege unapaswa kupewa cheti cha ATOL, ambao ni mpango wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo wa kulinda pesa za wasafiri. Kanuni za vifurushi za mwaka 2018 zinambebesha mwandaaji jukumu la safari nzima, hata hoteli isiyo yake. Safari ikifutwa, pesa zinatakiwa kurudi ndani ya siku 14. Ukilipa kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinakuongezea kinga kwa kitu cha bei iliyozidi pauni 100 hadi 30,000. Lakini ulinzi wote huo ni wa pesa. Pointi za safari iliyofutwa hazina sheria inayokurudishia, na Februari ikiharibika, muda wa kupanga nyingine utakuwa mfupi sana.

Sasa nikuulize jambo, utalijibu ukiwa peke yako. Kama pointi zisingekuwepo, ungekwenda Madeira? Na ungelipa kiasi gani? Wewe mwenyewe umesema ulipandisha daraja la kiti na nyota za hoteli ili bei ifike 2,600. Tuseme safari ya usiku nne inayokutosha kupumzika ingekuwa pauni 900. Basi 900 ni za kupumzika, na 1,700 ni bei ya kadi. Ziandike kama vitu viwili tofauti. Pointi inayotoka kwenye pauni ambayo ungeitumia hata hivyo ni zawadi. Pointi inayotoka kwenye pauni uliyoitafutia kazi ni bidhaa uliyoinunua, na bidhaa huulizwa thamani.

Na thamani yake kwako inategemea mwaka ujao, haitegemei mwaka uliopita. Silver hudumu muda uliobaki wa mwaka wa klabu pamoja na mwaka unaofuata. Ukiipata Machi, unaitumia zaidi ya mwaka kidogo, na huo ndio mwaka utakaokuwa ofisini. Hesabu safari unazozijua kwa hakika. Pengine ni ya nyumbani tu. Kwenye safari hiyo utachagua viti bila malipo tangu siku ya kununua, na hilo kwa familia ya watu wanne lina uzito. Utapata begi la ziada, na ninyi mnaokwenda na masanduku ya zawadi na kurudi na unga na majani ya chai mnajua bei yake; ila uliza kama ni lako peke yako au la wote mlio pamoja. Launji ya abiria inakuruhusu wewe na mgeni mmoja. Ninyi ni wanne. Mmoja wenu atabaki nje na mtoto mmoja, au mtalipia, au hamtaingia. Weka bei ya kila kitu kwa kukiangalia kwenye tovuti leo, ujumlishe, kisha uweke pembeni ya ile 1,700. Huenda ukakuta inastahili, huenda usikute. Sikujibii mimi, kwa sababu saa moja ya utulivu kabla ya ndege ya usiku, kwa mama aliyechoka, ina thamani ambayo mwingine hawezi kuipimia.

Usisahau pia ulicho nacho tayari. Kwa pointi 4,900 wewe ni Bronze: unajiandikisha kwenye kaunta za daraja la biashara na unachagua viti bure siku saba kabla ya safari. Na kama umeruka sana kwa tiketi za bei ndogo, hesabu idadi ya ndege zenyewe, kwa kuwa kuna njia ya pili ya kufika Silver kwa kupanda ndege mara 50 bila kujali pointi, na 25 kwa Bronze. Muulize pia bosi wako kama kuna safari za kazi zilizobaki kati ya sasa na Machi. Mbili za daraja la juu zinaweza kupunguza sana pengo, na hazigusi akiba ya nyumbani.

Akiba. Hapa naomba uniruhusu niseme kama dada. Katika barua yako mume wako anaonekana kama mtu anayekupinga, lakini anachokitetea ni tangi la maji la mama yako. Wanaume wangapi wangesimama hivyo kwa mkwe? Sidhani ana chuki na pointi. Nadhani anaona makubaliano yenu yanasogezwa bila kuulizwa, na bado hajajua kuhusu Madeira. Akija kuiona kwenye taarifa ya kadi, mazungumzo hayatakuwa tena ya launji wala tangi. Yatakuwa ya siri, na hayo huchukua muda mrefu kupoa.

Ungeweza kukaa naye jioni moja watoto wakishalala, mkaweka karatasi mezani: tangi, mifereji na zege upande mmoja kwa bei ya fundi wa Machakos, Pasaka na gari bila hoteli upande wa pili, na mapumziko yako upande wa tatu, kwa bei yake halisi bila kadi. Mwambie ulivyoniambia mimi, kwamba umechoka. Inawezekana atakuelewa uchovu ambao pointi zilikuwa zinauficha, na atasema nenda upumzike hata kama si kwa nyota tano. Inawezekana pia mkaona tangi linaweza kununuliwa sasa na sehemu ya mifereji ikangoja, mradi liwe limesimama kabla mvua za Machi hadi Mei hazijaanza, maana likifika Mei litakaa tupu mpaka zile za Oktoba. Au mkaamua kuiacha Silver mwaka huu, na pauni 3,900 za Pasaka, sehemu yoyote itakayoangukia Aprili, ikawa mwanzo wa hesabu mpya. Kila njia ina kinachopotea. Ukiiacha kadi, utaumia kila ukipita mlango ule uliozoea kuuona. Ukiifuata, utataka kuwa na uhakika kwamba nyumbani hakuna aliyelipia bila kujua.

Kwa mama, usimpigie kumweleza pointi. Mwambie hoteli imeondoka kwenye mpango, mnalala kwake, na mnakuja na gari. Muulize ana miadi gani ya kliniki na nani angependa apelekwe kumwona wiki ile, ili mpange siku za gari pamoja naye.

Kabla ya kulipa chochote, piga simu ofisi ya likizo ya shirika ukiwa na kalamu. Uliza pointi zinagawanywa vipi kwenye oda yako, zinaingia lini, na kodi zinahesabiwa au la. Uliza salio linatakiwa wiki ngapi kabla ya safari, na ukiondoa gari baadaye bei ya tiketi itabadilika au itabaki. Andika jina la aliyekujibu na tarehe, kisha omba wakutumie majibu hayo kwa barua pepe.